Namna ya kuishi na simu ndani ya nyumba bila kununiana

Ugomvi mwingi wa simu majumbani mwetu hauletwi na simu yenyewe, unaletwa na kutojua mwenzio anafanya nini humo ndani. Zamani baba akifungua gazeti kila mtu sebuleni anaona ni gazeti, akiandika barua wanaona barua, akihesabu hela ya kodi wanaona hela. Simu imekuja ikavimeza vyote kwenye kioo kimoja, sasa hivi anayesoma Kurani, anayenunua luku ya umeme, anayemjibu bosi, anayebishana Simba na Yanga na anayetongoza wote wanakaa mkao ule ule, shingo chini, kidole gumba kinapanda kinashuka. Wewe uliyekaa pembeni utajuaje? Hujui. Basi unajazia mwenyewe, na mtu akijazia mwenyewe huwa hajazii mazuri.

Kwa hiyo maelekezo yangu karibu yote yamesimama hapo hapo, sema unachofanya. Sitakwambia uzime simu saa moja jioni uifungie kabatini, huo ni ushauri wa mtu asiye na mama kijijini mwenye presha wala bosi anayetuma kazi usiku, na hata ukiufuata utaufuata siku mbili tatu unarudi kule kule. Simu tunazo na tutakuwa nazo, kilichobaki ni adabu zake, na hizo hatukuachiwa na wazee maana wao walikuwa na simu ya mezani moja mtaa mzima.

Anza kwa kutangaza

Ukishika simu na kuna mtu karibu yako sema kwa sauti unachoenda kufanya. Maneno mafupi tu, "ngoja ninunue luku", "namjibu bosi hapa mara moja", "dada katuma voisi, nasikiliza". Siku za mwanzo utajiona unajitangaza kama kondakta wa daladala, we endelea tu, inakuwa mazoea na utashangaa mwenzio naye kaanza bila kuambiwa. Ukimaliza ulichosema iweke chini. Luku ni kuletewa namba 20 ukaziingize kwenye mita, haichukui nusu saa, ukitangaza luku halafu ukaishia kwenye video za watu wanaocheza umeshaharibu, kesho ukisema luku tena hakuna anayekuamini hata kama umeme umekata kweli.

Alafu kuna hili la kucheka. Umekaa na mkeo au mumeo, kimya, ghafla unacheka peke yako unaangalia kioo. Hapo mtu wa pembeni anabaki na mambo mawili, ama aulize aonekane mpelelezi, ama anyamaze aumie. Usimfikishe huko. Ukicheka geuza simu umwonyeshe, na kama ni kitu ambacho huwezi kumwonyesha kwa sababu ni siri ya rafiki yako basi sema hivyo hivyo, "kuna jamaa kanichekesha ila ni mambo yake siwezi kukuonyesha". Mtu mzima anaelewa. Asichoelewa ni ile ya kucheka, ukiulizwa "nini?" unajibu "hamna". Hamna ndo jibu baya kuliko yote, yaani bora hata ungetunga.

Simu ikiita katikati ya maongezi, macho yaende kwa mtu kwanza ndo yaende kwa simu. "Samahani, ni kaka, nipokee?" Hayo maneno machache yanampa heshima aliyeko mbele yako kwa sababu umemuuliza, na karibu kila mtu atakwambia pokea. Wengi tunafanya kinyume chake, tunapokea kwanza halafu tunamwinulia kidole mtu aliyekuwa katikati ya kueleza kwamba mtoto wake kafukuzwa ada.

Na usilale na bando. Naona watu hawalisemi hili kabisa, ila bando la siku lina mchango wake kwenye ndoa. Mtu kanunua la saa 24, ikifika saa tano usiku anaona linakaribia kuisha muda na MB zimebaki, roho inamuuma, anaanza kuzimaliza kwenye video pembeni ya mtu ambaye siku nzima alikuwa anasubiri saa hizo waongee. Kama mfuko unaruhusu chukua la wiki au la mwezi, haraka ya kumaliza inaondoka. Kama hauruhusu basi angalia salio mapema jioni, hizo video zitazame wakati mwenzio anaangalia tamthilia yake, mkizima taa muwe mmezima vyote.

Mezani simu ilale vipi? Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Essex kule Uingereza walichapisha majaribio yao, waliwakalisha watu wawili wawili wasiojuana waongee, wengine wakiwa na simu pembeni wengine wakiwa na daftari, wakasema wale wenye simu walijisikia hawakukaribiana sana. Wengine waliojaribu kurudia baadaye hawakuona tofauti hiyo, kwa hiyo mimi sitakutisha nayo. Ninachokiona kwetu ni kingine, ni upande simu ilivyolala. Kuna anayeilaza kifudifudi kwa heshima, ili isimvute macho mwenzie akiongea, na kuna anayeilaza kifudifudi ili meseji zikiingia zisionekane, na kwa nje wote wako sawa. Kwa hiyo ukiigeuza sema, "naigeuza hii isitusumbue". Kama huwezi kuisema hiyo sentensi ukiwa umemwangalia mtu usoni, basi tatizo lako sio la adabu za simu, litafutie mwongozo mwingine.

Tiki za WhatsApp na ukimya wa upande wa pili

Hapa ndo watu wanafia. Kwanza tuelewane tiki zinasema nini. Tiki moja ya kijivu, meseji imetoka kwako. Mbili za kijivu, imefika kwenye simu yake. Mbili za bluu, kaifungua. Hizo za bluu zililetwa Novemba 2014 na tangu siku hiyo kuna mapenzi yamevunjika kwa rangi.

Tiki moja haina maana umeblokiwa. Mara nyingi ina maana simu imezima, au umeme umekata toka asubuhi, au bando limeisha, au mtu yuko kwenye basi katikati ya pori mtandao unakuja na kuondoka. Kijijini kuna watu wanachajisha simu dukani kwa mtu na wananunua bando siku ya gulio tu. Kabla hujaanza kuandika aya za lawama piga simu ya kawaida, ikiita utajua yupo, isipoita utajua imezima au haina mtandao, umemaliza.

Tiki za bluu nazo hazina maana kakudharau. Kafungua, ndo hilo tu. Huenda kafungua akiwa kwenye foleni ya benki, au mtoto ndo kafungua. Wewe unayetumiwa ndo mwenye kazi hapa, kama huwezi kujibu sasa hivi andika neno, "nimeona, nipo kikaoni nakupigia saa kumi". Sekunde chache tu. Na saa kumi ikifika piga kweli, maana ahadi ya simu isiyotimizwa inauma kuliko ukimya.

Kama hupendi presha hiyo unaweza kuzima tiki za bluu kwenye setingi upande wa faragha, ila ujue mambo matatu ambayo watu wanashtukia baadaye. Ukizima zako na wewe huoni za wenzio. Kwenye magrupu hazizimiki. Na voisi nazo hazijifichi, ukishaisikiliza mwenzio anaona umeisikiliza, kwa hiyo ule ujanja wa "sijaiona meseji yako" kwenye voisi haufanyi kazi. Muda wa mwisho kuonekana unafichika pia, na toka 2022 hata ile ya kuonekana uko onlaini unaweza kuificha, na unaweza hata kuchagua watu fulani tu ndo wasione. Hapo mimi nina msimamo: ukificha wafiche wote. Ukimficha mkeo peke yake, au shemeji yako, au rafiki mliyekua naye, siku akiiona simu ya mtu mwingine inaonyesha uko onlaini na yake haionyeshi hautakuwa na pa kujitetea. Na kama umewaficha wote mwambie wa nyumbani, "nimezima kwa sababu ya watu wa kazini", asije akagundua mwenyewe.

Mambo makali yasiandikwe

Meseji haina sauti. "Sawa" uliyoandika huku unakata kitunguu inasomeka upande wa pili kama mtu aliyekasirika, na "umefika?" inasomeka kama upelelezi. Kama jambo linazidi mistari mitatu, piga. Kama umepiga na sauti zimeanza kupanda, sema "tuongee nikirudi" ukate kistaarabu, usikate katikati ya neno la mtu.

Voisi za hasira ndo mbaya zaidi. Mtu anajirekodi dakika nne anapumua kama katoka mbio, anatuma, anatulia. Kumbuka voisi inatumika mbele, ukimtumia mumeo ugomvi wa ndani na yeye akamtumia dada yake apate ushauri, hiyo sauti yako itasikilizwa jikoni kwa wifi zako wote, tena kwa spidi ya mara mbili ili waifikie haraka ile sehemu uliyomtaja mama mkwe. Kuifuta nako kuna mwisho, una siku mbili na masaa kadhaa, na ukifuta inabaki alama kwamba kuna ujumbe umefutwa, na hiyo alama ni ugomvi mpya unaojitegemea. Kama ni ya maandishi unaweza kuisahihisha, unazo dakika 15 toka utume, ila nako kunaandikwa kwamba umehariri.

Ukiwa na hasira andika kwenye sehemu ya kuandikia notsi, sio kwenye chati. Ukiamka asubuhi usome. Nyingi hutazituma.

Paswedi

Watu wanauliza mke na mume wapeane paswedi au wasipeane, wanataka jibu moja. Halipo. Zipo nyumba simu zinashikwa na yeyote na wanaishi kwa amani, zipo nyumba kila mtu na yake na wanaishi kwa amani pia. Kinacholeta balaa ni kubadilisha bila kusema. Mlikuwa mnashika simu kila mtu ya mwenzie, wiki hii moja imewekewa paswedi mpya na sasa mwenyewe anakwenda nayo mpaka bafuni. Hapo hata kama sababu ni kazi, hata kama ofisi imelazimisha, usiposema umeshasema kitu kingine.

Ila na huyu wa upande wa pili, yule anayesubiri mwenzie alale ashike kidole chake akiweke kwenye simu ifunguke. Acha. Nazungumza na wanaume na wanawake. Kwanza Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 hapa Tanzania inahesabu kuingia kwenye vifaa vya mtu bila ruhusa kuwa kosa, sio kwamba polisi watakuja sebuleni, ila ujue unachofanya kina jina. Pili hata ukikuta kitu utakuwa umekipata kwa njia ambayo inakufunga mdomo, maongezi yataanza na "kwa nini ulishika simu yangu" na hayatatoka hapo mpaka asubuhi. Tatu, usipokuta kitu hutaamini, kesho utashika tena. Kama una wasiwasi uliza mchana, mkiwa macho wote wawili, "simu yako siku hizi inaninyima raha, niambie kuna nini".

Hela iko kwenye simu pia na hii ndo siri watu wanayoificha kuliko mapenzi. Namba ya siri ya M-Pesa au Airtel Money ibaki ya mwenyewe, ila mwenzio ajue hela ilipo na madeni yalipo. Hasa hii mikopo ya mitandaoni. Kuna programu ukiipakua inaomba ruhusa isome majina yote uliyosevu, wewe una haraka na laki moja unabonyeza kubali, ukichelewa kulipa wanaanza kuwatumia meseji mama mkwe, bosi, shemasi wa kanisani na fundi aliyewahi kukuchomea geti, kwamba fulani ni tapeli kakimbia deni. Benki Kuu ilitangaza mwaka 2024 orodha ya programu za mikopo zisizo na leseni, itafute kabla hujakopa. Ila kama umeshaingia na siku ya kulipa inakaribia na hela huna, mwambie wa nyumbani kwako leo. Deni atalivumilia. Kulisikia kutoka kwa namba asiyoijua, hapo ndo utapata tabu.

Grupu la ukoo

Nyamazisha, usitoke. WhatsApp inakupa kunyamazisha masaa 8, wiki au moja kwa moja, na hakuna anayejua. Kutoka sasa hivi anayepewa taarifa ni admini peke yake, sio kama zamani ukitoka inaandikwa kwa wote, ila kwenye ukoo admini ni shangazi na shangazi akijua basi wote wamejua. Baki, pitia jioni, pole na hongera zako ziwepo. Picha za maua za habari za asubuhi ziache zipite, wazee wanafurahi nazo, hazikugharimu kitu zaidi ya nafasi ya simu na unaweza kuzima zisijipakue zenyewe.

Kubwa kwenye grupu ni msiba, na hapa naomba mnisikilize vizuri maana mtandao umetuharibia utaratibu uliokuwa mzuri. Zamani taarifa ya kifo ilikuwa na njia yake. Wa karibu kabisa walifuatwa, mtu mzima anatumwa, anafika anasalimia, anakalishwa, ndo anasema, na anayeambiwa ana mtu wa kumshika. Siku hizi mgonjwa anakata roho Muhimbili, binamu aliyekuwa korido anaweka picha yake kwenye stetasi na maneno ya pumzika kwa amani, na mtoto wa marehemu yuko Dodoma chuoni anaiona akiwa kwenye foleni ya chakula. Hakuna aliyemshika.

Kwa hiyo kubalianeni mapema, wakati hakuna anayeumwa, kwamba kifo hakiandikwi kwenye grupu wala stetasi mpaka mtu mmoja aliyeteuliwa aseme sasa. Huyo mtu awe mtulivu na awe na orodha, nani ampigie nani. Kwa wale walio mbali peke yao usimpigie yeye kwanza, mpigie mtu aliye karibu naye, mwenzie wa chumba, jirani, mchungaji, imamu, mwombe aende akakae naye ndo simu ipigwe. Wazee wasio na WhatsApp wapigiwe mapema au wafuatwe, msije mkawakumbuka wakati mnakusanya rambirambi. Ukiona mtu kakosea kaweka kabla ya muda usimgombeze kwenye grupu, mpigie afute haraka, na admini anaweza kumfutia. Na picha za ajali usitume kwa mtu yeyote, hata kama ya kwako ni ya kwanza. Hasa kama ya kwako ni ya kwanza.

Michango nayo. Mnaijua ile orodha inayokopiwa kila siku na kupestiwa, jina, ahadi, tiki kwa aliyelipa na "bado" kwa asiyelipa. Inaleta hela, sikatai. Ila kuna mjomba amestaafu kiinua mgongo hakijatoka, jina lake linapita na "bado" mbele ya wakwe zake wiki tatu mfululizo, na harusi ikifika haji, na watu wanasema mjomba ana roho mbaya. Weka waliolipa na jumla tu. Ambao bado wapigie mmoja mmoja, salimia kwanza, uliza hali, utajua nani wa kusubiriwa na nani wa kusamehewa.

Wazee walio kijijini

M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na mwaka uliofuata ikafika Tanzania, na kabla ya hapo hela ya nyumbani ilikuwa inapanda basi. Unamtafuta konda unayemwamini au mtu wa kwenu anayesafiri, unampa bahasha, na huwezi kutuma bahasha yenye hela tupu, unatia na barua ya salamu, habari za watoto, na swali kuhusu yule ng'ombe. Sasa hivi hela inafika kabla hujatoka kwenye menyu na barua imekufa. Mzee anapata meseji ya muamala yenye jina lako kamili na kiasi, basi.

Basi irudishe barua. Ukituma hela (na ya kutolea tafadhali, usimpe mama elfu ishirini ikafika mkononi pungufu) piga siku hiyo hiyo. Shikamoo yako iwe na nafasi ya kuitikiwa. Mwache amalize salamu zake, ataulizia wote, ataeleza mvua, ataeleza nani kafa na nani kaoa, na habari yenyewe aliyotaka kukwambia, ile ya goti linalomuuma, huwa inakuja mwisho kabisa wakati wewe umeshaanza kusema haya mama. Usimpigie ukiwa unaendesha gari kwenye spika na abiria ndani, wazee wanasikia, wanafupisha, goti halitajwi.

Na kuna simu nyingine ya muhimu zaidi, ile isiyo na hela. Ukipiga siku za kutuma tu, mzee anajifunza kwamba simu yako ni hela, na wewe unajifunza kwamba simu yake ni shida, mkionana majina kwenye kioo wote mnashtuka. Piga siku ya kawaida, uliza namna ya kupika kitu, uliza shangazi fulani alizaliwa mwaka gani. Kama ni video shika simu usawa wa uso, sio mama aongee na paji la uso na feni. Watoto wakiletwa kwenye video waamkie kwanza ndo waonyeshe midoli.

Walio na ndugu Dubai wanajua kwamba kule kupiga kwa WhatsApp kunazuiwa, kwa hiyo dada aliyeenda kufanya kazi anaishi kwa voisi. Anazirekodi usiku akimaliza kazi za watu. Usimjibu "tuko salama tunakumiss" kwa voisi ya dakika tano aliyouliza mambo sita. Sikiliza mara ya pili ukiwa na kalamu, jibu kimoja kimoja, na umwekee sauti za nyumbani, mtoto wake akisoma, kuku, hata jirani akigomba.

Watoto na wageni

Kwa watoto sina mengi, wanaiga. Mtoto akikuita mara moja ukiwa kwenye simu mwambie "nakusikia, namaliza hapa", akikuita mara ya pili weka chini. Wakati wa kula simu zote zikae sehemu moja na ya baba ikiwemo, maana nyumba nyingi sheria hiyo ni ya watoto tu na wanaona. Mgeni akija, nusu saa ya kwanza ni yake, baada ya hapo hata yeye atatoa ya kwake na mtakaa vizuri tu.

Namna ya kuweka makubaliano

Haya yote hayawi kwa mtu mmoja kuyasoma akaanza kuwapigia wenzie kelele. Tafuteni wakati ambao hakuna aliyekasirika, sio usiku wa ugomvi, kaeni, na anayeitisha kikao aanze na jambo ambalo yeye atabadilisha. "Mimi nikiwa kitandani sitaangalia video, nanunua bando la wiki." Halafu aombe moja. Moja tu, sio orodha. Mwenzio naye aseme la kwake. Mkitoka na mawili yanatosha kwa mwezi. Akisahau mkumbushe kwa neno mlilokubaliana, kuna familia nawajua wanasema "luku!" na kila mtu anacheka anaweka simu chini, usimkumbushe mbele ya wageni wala kwa kumnyang'anya. Akikataa kikao chenyewe, we anza tu kutangaza za kwako.

La mwisho mlipange ni simu za usiku, maana hapa ndo watu wenye wazazi wagonjwa wanashindwa kuzima. Hamna haja ya kuzima. Simu nyingi za kisasa zina sehemu ya usisumbue, iweke ianze saa nne usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri, ruhusu majina machache ya nyumbani yapite, na washa ile ya mpigaji anayerudia, ambayo mtu akipiga mara ya pili ndani ya dakika chache simu inaita hata kama sio kati ya hayo majina. Halafu wapigie ndugu uwaeleze, "usiku ukinihitaji piga mara mbili mfululizo". Mama umwelekeze taratibu, na umwombe ajaribu usiku huo huo uone kama inaita.